KIUNGO CHA MBAO KINACHOBEBA ROHO ZA WATU

Katika somo la leo tutajifunza jinsi ya kuunganisha vipande viwili vya mbao kwa gundi mpaka viwe kama ubao mmoja. Mfano wetu mkubwa utakuwa ni boriti iliyomo ndani ya bawa la ndege.

Huenda utauliza, "Ndege ya mbao? Ndege si ya bati?" Ni kweli, ndege kubwa tunazoziona zikipita angani zimeundwa zaidi kwa aluminiamu, yaani madini yale yale ya sufuria zetu. Lakini ndege za mwanzo ziliundwa kwa mbao na kitambaa. Hata leo wako watu duniani wanaojiundia ndege ndogo za mbao nyumbani kwao. Bawa la ndege hizo linashikwa na boriti za mbao. Boriti hizo nazo mara nyingi zimeunganishwa kwa gundi. Kiungo kikiachia angani, hakuna pa kusimama ukakitengeneza.

Nasi wa Mingoyo mbao si kitu kigeni kwetu. Miaka ya nyuma magogo ya mvule kutoka Rondo yalipasuliwa hapa. Pwani yetu, toka Lindi hadi Kilwa, ina mafundi wanaounda mashua na majahazi kwa tezo, msumeno na keekee. Tunatengeneza mapaa, vitanda, madawati na milingoti. Kwa hiyo kanuni za fundi wa ndege zinatufaa hata sisi ambao hatutaunda ndege.

NDEGE ZA MBAO ZIMEFIKA KWETU

Ndege ya kwanza yenye injini kuruka na mtu ndani yake, huku ikiongozwa naye, iliruka nchini Marekani tarehe 17 Desemba, 1903. Waliounda ndege hiyo ni ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright. Kazi yao ilikuwa kuunda na kutengeneza baiskeli. Safari yao ya kwanza ilichukua sekunde 12 tu, nayo ilikuwa ya mita kama 37. Ndege yao ilikuwa ya mbao, nyingi zikiwa za mti uitwao sprusi, jamaa ya msonobari.

Afrika Mashariki nayo ilitumia ndege za namna hiyo. Mwaka 1929 mama mmoja wa Kenya, Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways mjini Nairobi. Ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, ambayo mabawa yake yalikuwa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Mwaka 1946 shirika la East African Airways lilianza kazi. Lilikuwa la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, nalo likafa mwaka 1977. Lilianza na ndege sita za aina ya Dragon Rapide. Hizo nazo zilikuwa za mbao. Abiria walipanda, wakaruka, wakashuka salama.

Na wale wanaojiundia nyumbani? Nchini Marekani fundi Bernard Pietenpol aliunda ndege ndogo ya mbao mwishoni mwa miaka ya 1920, akaitia injini ya gari la Ford. Michoro yake ilichapishwa miaka ya 1930, na hadi leo watu wanaifuata. Mwaka 1953 wajiundia ndege wa Marekani walianzisha chama chao ili kufundishana na kukaguana kazi. Ndiyo kusema, hata mtu anayejenga peke yake nyuma ya nyumba yake anahitaji macho ya mwenzake.

BORITI YA BAWA INAFANYA KAZI GANI?

Kwenye jahazi kuna tanga na kuna foromali. Tanga hushika upepo. Foromali hushika tanga. Foromali ikivunjika, tanga ni kitambaa tu.

Bawa la ndege ni vivyo hivyo. Kitambaa au plaiwudi ya juu hushika hewa. Ndani mna mbavu, mfano wa mataruma ya chombo, zinazolipa bawa umbo lake. Mbavu hizo zimeshikizwa kwenye boriti ndefu inayotoka kwenye mwili wa ndege mpaka karibu na ncha ya bawa. Boriti hiyo ndiyo inayobeba ndege nzima ikiwa hewani.

Hebu fanya jaribio dogo. Chukua tawi bichi la mti. Shika ncha zake mbili, uzipinde kuelekea chini. Utaona gome la upande wa juu linavutika mpaka linapasuka. Upande wa chini gome linajikunja kwa kubanwa. Katikati ya tawi hakuna mvuto mkubwa wala mbano mkubwa.

Bawa likiwa hewani hupindwa kinyume chake. Hewa huinua ncha kwenda juu. Kwa hiyo upande wa chini wa boriti huvutwa, na upande wa juu hubanwa.

Mafundi wa ndege waliona jambo hilo wakafanya busara. Mbao nyingi waliziweka juu na chini, mahali penye kazi. Katikati wakapunguza. Wengine huchimba mfereji ubavuni mwa boriti ili kuondoa uzito. Wengine huunda boriti kama sanduku refu: ubao mmoja juu, ubao mmoja chini, na plaiwudi nyembamba pande mbili. Lakini mahali ambapo chuma cha kushikia bawa kinapitishiwa bolti, hawapunguzi kitu. Pale ubao huachwa mzima na mnene.

Jambo hili lina faida hata kwenye paa lako. Chukua ubao wa inchi 2 kwa inchi 4. Ukiulaza, kimo chake ni inchi 2. Ukiusimamisha, kimo chake ni inchi 4. Kujua nguvu yake ya kubeba, zidisha upana kwa kimo, halafu kwa kimo tena:

Ukilazwa: 4 x 2 x 2 = 16
Ukisimamishwa: 2 x 4 x 4 = 32

Ubao ni ule ule na bei ni ile ile. Lakini ukisimamishwa unabeba mzigo mara mbili ya ukilazwa. Anayelaza mbao za paa anatupa nusu ya nguvu aliyoilipia.

KUCHAGUA UBAO

Fundi wa ndege hupenda sprusi kwa sababu ni mwepesi, nyuzi zake zimenyooka, na una nguvu ukilinganisha na uzito wake. Mpingo wetu ni mgumu mno, lakini ni mzito hata unazama majini. Ugumu peke yake hautoshi. Kila kazi ina mti wake.

Ubao wa boriti ukaguliwe kwa mambo haya:

Kwanza, nyuzi. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa ubao. Kanuni ya ndege inasema hivi: katika kila sentimita 15 za urefu, nyuzi zisiteremke upande zaidi ya sentimita 1. Zikiteremka zaidi, ubao utachanika kufuata nyuzi kama kuni.

Pili, vifundo. Mahali palipokuwa na tawi, nyuzi huzunguka. Hapo ubao ni dhaifu.

Tatu, mistari myembamba inayokata nyuzi kwa kuvuka. Hiyo ni dalili kwamba ubao uliwahi kubanwa kupita kiasi, labda mti ulipoanguka. Ubao wa namna hiyo huonekana mzima kumbe umekwisha. Mafundi wa ndege huuweka kando mara moja.

Nne, uozo na wadudu. Hili tunalijua sote.

Tano, unyevu. Ubao mbichi hunywea unapokauka. Ukiunganisha ubao mbichi na mkavu, mmoja utanywea na mwingine hautanywea. Watavutana mpaka kiungo kiachie. Ubao wa ndege huwa na unyevu wa kati ya asilimia 8 na 12.

Unyevu unapimwaje? Kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani. Kikaushe kwa joto la tanuri bila kukiunguza, mpaka uzito wake usipungue tena. Kipime tena. Tuseme mwanzo kilikuwa gramu 224, na baada ya kukauka ni gramu 200. Maji yaliyotoka ni gramu 24. Gawanya 24 kwa 200, zidisha kwa 100. Jibu ni asilimia 12. Ubao huo unafaa.

Hapa pwani hewa ina maji mengi. Ubao uliokauka ukiuacha wazi, hunywa unyevu tena. Kwa hiyo weka mbao zote mbili mahali pamoja chini ya kivuli, zimeinuliwa kutoka sakafuni, mpaka zizoeane ndipo uunganishe.

KWA NINI TUNAKATA MSHAZARI?

Ubao ni kama mafungu ya mabua yaliyolala pamoja. Ukiukata sawa kwa kuvuka, unaona midomo ya mabua. Gundi ukiipaka hapo hunywewa na ile midomo, na kinachobaki juu ni kidogo. Ndiyo maana mbao mbili zilizogusanishwa kichwa kwa kichwa hazishiki, hata gundi iwe nzuri namna gani.

Dawa yake ni kukata kila ubao kwa mteremko mrefu, kama kalamu ya mwanzi iliyochongwa. Kisha miteremko miwili inalaliana. Tukiite kiungo cha mshazari. Sasa gundi inakamata ubavu wa mabua, si midomo yake. Tena eneo la kushikana linakuwa kubwa.

Mteremko uwe mrefu kiasi gani? Kwa boriti za ndege kanuni ya kawaida ni 12 kwa 1. Maana yake, zidisha unene wa ubao kwa 12. Ubao wenye unene wa sentimita 2 utachongwa mteremko wa sentimita 24. Kiungo kikifanywa hivyo vizuri, nguvu yake inakaribia ubao mzima. Mteremko mfupi wa sentimita 5 au 6 unaokoa mbao kidogo, lakini unapoteza nguvu nyingi.

Ikiwa boriti imeundwa kwa mbao kadhaa zilizobandikwa moja juu ya nyingine, viungo visikae mahali pamoja. Vipishane kama matofali ya ukuta. Na kiungo kisiwe chini ya chuma cha kushikia bawa.

KUCHONGA

1. Piga mstari wa mteremko ubavuni mwa mbao zote mbili. Tumia rula na penseli iliyochongoka.

2. Weka mbao mbili pamoja, moja juu ya nyingine, ya juu ikirudi nyuma kiasi cha urefu wa mteremko. Kwa njia hii utapiga randa miteremko yote miwili kwa mkupuo mmoja, na itafanana.

3. Ondoa sehemu kubwa kwa msumeno. Malizia kwa randa kali. Randa butu haikati nyuzi bali huziponda, na nyuzi zilizopondwa hazishiki gundi.

4. Usimalizie kwa msasa. Vumbi la msasa huziba vinyweleo vya ubao, na kingo huwa za mviringo. Uso uliotoka kwenye randa kali ndio unaotakiwa.

5. Lalisha mbao pamoja bila gundi. Tazama kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati, rudi kwenye randa. Gundi nyingine za mbao hazijazi nafasi iliyo nene kupita karatasi.

6. Dondosha tone la maji kwenye kipande kilichobaki cha ubao ule ule, kilichopigwa randa vile vile. Likitandaa na kunywewa, uso ni mzuri. Likibaki duara kama tone juu ya jani la mgomba, uso una mafuta au umeng'arishwa na randa butu. Mti kama mtiki una mafuta ya asili, kwa hiyo unataka uangalifu zaidi.

7. Paka gundi siku ile ile. Mafundi wa ndege hawapitishi muda wa saa 8 tangu kupiga randa. Usiguse uso huo kwa vidole, maana mkono una jasho na mafuta.

GUNDI

Gundi si moja. Zamani ndege zilitumia gundi ya kasini, inayotokana na maziwa. Kasini ikilowa muda mrefu huliwa na ukungu. Siku hizi haitumiki tena kwa boriti za ndege. Badala yake kuna gundi ya resosinoli, ambayo hata maji yakichemka haiachii, na kuna gundi ya epoksi yenye vyupa viwili.

Ile gundi nyeupe ya maji tunayoinunua dukani inafaa kwa kiti na kabati la ndani. Lakini ikilowa hulainika. Na ikibebeshwa mzigo mzito kwa muda mrefu, huteleza pole pole bila kupiga kelele. Usiitumie kwa mlingoti, kwa chombo cha majini, wala kwa kitu chochote kitakachobeba roho ya mtu.

Gundi za vyupa viwili zipimwe kwa mizani kama karatasi yake inavyoagiza. Usikisie kama chumvi ya mboga. Ukizidisha upande mmoja, haitakauka sawasawa, na kwa macho hutajua. Joto la kwetu hufanya gundi iwahi kukauka chomboni, basi changanya kidogo kidogo, asubuhi kabla jua halijapanda. Vaa glavu au funika mikono, kwa kuwa gundi hizo hudhuru ngozi. Fanya kazi mahali penye hewa.

Paka gundi pande zote mbili. Kisha bana.

Kubana nako kuna kipimo. Resosinoli kwenye mbao laini hutaka mbano wa kilo kama 9 kwa kila sentimita 1 ya mraba. Tufanye hesabu. Kiungo chetu kina upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 24:

5 x 24 = sentimita za mraba 120
120 x 9 = kilo 1,080

Hiyo ni zaidi ya tani moja! Ni sawa na mifuko 21 ya saruji na ushee. Sasa yule anayeweka jiwe juu ya kiungo akaenda zake kunywa chai, amebana nini? Panga vibano vya skrubu karibu karibu, na ubao wa kulinda juu na chini. Kaza pole pole, ukianzia katikati. Gundi ikitoka kingo zote kama shanga ndogo, ni dalili njema.

Epoksi ni kinyume. Yenyewe hutaka mbano mdogo tu wa kugusanisha. Ukiikaza mno, gundi yote itatoka nje na ndani patabaki pakavu. Kwa hiyo soma kwanza maagizo ya gundi uliyonayo. Hapa ndipo kisomo kinapolipa.

MVUA ILISINGIZIWA

Sasa sikiliza habari hii.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliunda ndege ya vita ya mbao. Waliiita Mosquito, yaani Mbu. Iliruka mara ya kwanza mwezi Novemba, 1940, na ziliundwa zaidi ya 7,700. Mafundi wa samani walishiriki kuiunda. Ilikuwa miongoni mwa ndege zenye mbio sana za wakati ule.

Mwaka 1944 baadhi ya ndege hizo zilipelekwa Bara Hindi na Burma. Mwaka huo huo askari wa Afrika Mashariki, Watanganyika wakiwamo, walikuwa wakipigana huko Burma chini ya King's African Rifles. Wazee hao waliporudi walisimulia mvua za kule na joto lake.

Ndege kadhaa za Mbu zikaanguka. Zilipochunguzwa zilizobaki, ikaonekana bawa linaachia pale ngozi ya plaiwudi inaposhikana na boriti. Watu wakapoteza maisha. Ni nani wa kulaumiwa? Mwanzo lawama ikapewa hali ya hewa. Ikasemwa kuwa joto na mvua za kule ndizo zilizoharibu gundi na mbao. Wengi wakaridhika, kwa kuwa mvua haina wa kuitetea.

Lakini wachunguzi wengine waliendelea kufungua mabawa. Wakatazama hata ndege ambazo hazikuwahi kufika kwenye mvua zile. Humo nako wakakuta kasoro zile zile: mbao hazikukaa sawa, na gundi haikushika vizuri. Kasoro zilitoka kiwandani. Vibano vilipofunguliwa na rangi kupakwa, kiungo kibaya na kiungo kizuri vilifanana.

Ndugu msomaji, hilo ndilo somo letu hasa. Kiungo cha gundi hakionyeshi ubaya wake. Msumari uliopinda unauona. Fundo la kamba lililolegea unalijaribu kwa mkono. Lakini gundi imejificha katikati ya mbao mbili. Mwenye kuijua ni yule aliyeipaka, na wakati mwingine hata yeye hajui. Kwa hiyo uaminifu wa fundi ni sehemu ya kiungo chenyewe.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nasi tuongeze: vinavyoruka navyo vimeundwa, na vinavyoanguka pengine viliundwa vibaya.

TUTAJUAJE BASI?

Hatuwezi kuvunja boriti ili kujua kama ni nzima. Lakini tunaweza kuvunja ndugu yake.

Kila mara unapounganisha boriti, unganisha pia kipande kidogo pembeni. Kiwe cha ubao ule ule, randa ile ile, gundi ya chombo kile kile, siku ile ile. Andika juu yake tarehe na jina la kazi. Gundi ikishakauka kabisa, weka patasi kwenye mstari wa gundi, piga nyundo, kipasue.

Tazama ndani. Ukiona nyuzi za mbao zimechanika na kubaki zimeng'ang'ania pande zote mbili, kiungo ni chema. Mbao imeshindwa kabla ya gundi. Lakini ukiona uso laini unaong'aa kama kioo, na mbao haikuchanika, gundi haikushika. Basi na boriti yako ni hivyo hivyo. Usiitumie. Inauma kutupa kazi ya siku tatu, lakini kazi hiyo ina bei. Roho ya mtu haina bei.

Wajiundia ndege makini hutunza vipande hivyo pamoja na daftari la kazi. Mkaguzi akija, wanamwonyesha. Hapa Tanzania mwenye kusimamia usalama wa ndege ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hakuna ruhusa ya kuunda ndege na kuirusha kimya kimya, hata fundi awe hodari kiasi gani.

Boriti ikishakubalika, ipakwe vanishi pande zote, hasa kwenye vichwa na kwenye matundu ya bolti, maana hapo ndipo maji yanapoingilia. Ndani ya bawa paachwe vitundu vidogo upande wa chini vya kutolea maji, na pawe na hewa. Maji yaliyotuama ni adui kuliko mvua inayopita. Ndege zilizoundwa kwa epoksi hupakwa rangi nyeupe au nyepesi, kwa sababu rangi nyeusi hula jua na epoksi hulainika kwa joto kali.

TUFANYE NINI HUKU KWETU?

Kwenye paa: simamisha mbao, usizilaze. Kama lazima uunganishe, kata mshazari mrefu, na kiungo kikae juu ya ukuta au nguzo, si katikati ya nafasi wazi.

Kwenye ngazi ya kupandia: tafuta mti mzima. Usiunganishe mguu wa ngazi kwa gundi ya dukani.

Kwenye mlingoti au foromali iliyovunjika: usifunge kamba juu ya mvunjiko ukaita umetengeneza. Foromali huweza kuundwa kwa miti miwili, lakini miti hiyo hulaliana kwa urefu wa kutosha na kufungwa mahali pengi. Kanuni ni ile ile ya mshazari: kulaliana kwa urefu, si kugusana vichwa. Kama huna hakika, badilisha mti. Abiria aliyelipa nauli hakulipa kubahatisha.

Kwa fundi anayefundisha vijana: mfundishe kijana kuvunja kipande cha majaribio kabla ya kumfundisha kupaka rangi. Na akisema, "Fundi, hiki hakikushika," usimkemee. Mshukuru.

Kwa mteja: muulize fundi ni gundi gani ametumia, na omba uone kipande alichokivunja. Fundi mwema hatakasirika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mbao mbili hazishiki vizuri zikiunganishwa kichwa kwa kichwa?
2. Ndege za Mbu zilipoanguka, kwa nini watu waliona ni rahisi kulaumu mvua? Je, hapa kijijini tumewahi kulaumu mvua au bahari kwa kosa la mikono yetu?
3. Ni vitu gani hapa kwetu vinabeba roho za watu na vina viungo vya mbao? Vitajeni, kisha mwende mkavikague.

HESABU

1. Ubao una unene wa sentimita 3. Mteremko wa 12 kwa 1 utakuwa na urefu gani?
2. Kipande cha ubao kilikuwa gramu 230. Baada ya kukaushwa kikawa gramu 200. Unyevu ulikuwa asilimia ngapi? Je, kinafaa kwa boriti ya bawa?
3. Ubao wa inchi 2 kwa inchi 6 ukisimamishwa, unabeba mara ngapi kuliko ukilazwa?

Majibu: (1) Sentimita 36. (2) Asilimia 15. Hakifai, kikaushwe zaidi. (3) Mara 3.

KAZI YA MIKONO

Tafuteni mabaki mawili ya mbao kwa fundi. Unganisheni kipande kimoja kwa mteremko mfupi na kingine kwa mteremko wa 12 kwa 1, kwa gundi ile ile. Vikikauka, weka kila kimoja juu ya matofali mawili, kining'inizieni ndoo, mkatie maji pole pole. Andikeni katika daftari kila kimoja kimebeba lita ngapi kabla ya kuvunjika. Kumbukeni, lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mtakachokiandika hapo kitakuwa ushahidi wenu wenyewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Boriti ya bawa: ubao mrefu ndani ya bawa unaobeba uzito wa ndege.
Foromali: mti unaoshikilia tanga la chombo.
Kipande cha majaribio: kiungo kidogo kinachotengenezwa ili kivunjwe na kuchunguzwa.
Mataruma: mbavu za ndani ya chombo cha majini.
Mshazari: mkato wa mteremko, usio wa wima wala wa kulala sawa.
Plaiwudi: ubao uliotengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizobandikwa kwa gundi.